Printa huziba siku ya kufunga shule

Printa ya wino iliyofanya kazi bila kusumbua hadi wiki ya mwisho ya mitihani, kisha ikafungiwa ofisini Desemba nzima, mara nyingi huamka Januari ikitoa karatasi yenye michirizi, maandishi meusi yaliyofifia, au rangi ya njano peke yake. Hapo lawama hazikosi pa kwenda: wino umechakachuliwa, mashine ni feki, umeme umeiunguza. Makala haya yanatetea jambo jingine, lisilompa mtu raha ya kulaumu. Mashine hiyo haikuharibika Januari. Iliharibika siku ya kufunga shule, dakika ile mtu alipozima swichi ya ukutani, akachukua funguo zake na kuondoka. Kwa shule na steshenari za wilaya za Tarime na Serengeti, ambako kazi ya kuchapa huja kwa misimu, matundu ya wino kuziba ni suala la utaratibu wa ofisi kabla halijawa suala la fundi.

Tazama kalenda. Shule hufungwa Juni na Desemba. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, wa kidato cha nne Novemba, na kabla yake kuna mitihani ya majaribio na mazoezi ambayo mwalimu wa taaluma huyataka yawe tayari asubuhi. Shule yenye mashine ya riso hutolea nakala nyingi huko, lakini nakala ya kwanza, barua kwa wazazi, orodha za majina na ripoti za wanafunzi hutoka kwenye printa ndogo ya ofisini. Steshenari nazo zina majira yao. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari. Katikati ya mwaka huja waliochaguliwa kidato cha tano wakitafuta fomu za kujiunga, na waombaji wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ambao hawana budi kuchapa fomu, kuzipeleka kwa serikali ya mtaa au kijiji zisainiwe, kisha kwa wakili au hakimu. Duka la Sirari, mpakani na Kenya, au la Nyamongo, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, linaweza kupata mteja kila siku. La kijijini, kilomita nyingi kutoka Mugumu, linaweza kukaa wiki kadhaa bila mtu wa kuagiza hata picha moja ya pasipoti. Tena likizo ya Juni huangukia mwanzo wa kiangazi, hewa inapokuwa kavu na vumbi la barabarani likiingia hadi dirishani. Hewa ya Mugumu mwezi wa Julai si hewa ya Tanga wala Unguja. Ushauri wa utunzaji unaotosha pwani yenye unyevu hautoshi bara penye ukavu.

Ukavu ndio kiini cha yote. Wino wa printa hizi kwa sehemu kubwa ni maji, yaliyochanganywa na rangi na vitu kama gliseroli vinavyouchelewesha kukauka. Kichwa cha printa, au hedi kama mafundi wanavyoiita, kina mamia ya matundu, kila moja likiwa jembamba kuliko unywele wa mtu. Epson hurusha tone kwa kutumia kipande cha kauri kinachojikunja umeme unapokipitia. HP na Canon hupasha wino moto ghafla hadi kipovu cha mvuke kilisukume tone nje. Canon husimulia kwamba wazo lao lilizaliwa mwaka 1977, chuma cha moto cha kulehemu kilipogusa kwa bahati mbaya bomba la sindano lililokuwa na wino. Njia hizo mbili zinatofautiana sana, lakini zote zinategemea kitu kimoja: wino ulio mdomoni mwa tundu lazima uwe bado mwepesi. Maji yakishaondoka, kinachobaki ni utando mzito, na baadaye kigaga. Hakuna kilichovunjika wala kuungua. Ni uchafu uliokauka mahali pembamba, na hilo lina maana kubwa kwa mtu anayeamua kama atatengeneza au atatupa.

Watengenezaji walilijua tatizo hili tangu mwanzo, wakaweka dawa yake ndani ya mashine. Pembeni, kwa kawaida upande wa kulia, kuna kifuniko kidogo cha mpira chenye sponji ndani yake. Ukizima printa kwa kitufe chake yenyewe, taa humeta, hedi hurudi pembeni, kifuniko hupanda na kuyaziba matundu yote yasipigwe na hewa, ndipo mashine inalala. Inachukua sekunde chache tu. Ukizima ukutani hedi ikiwa katikati ya safari, au umeme wa Tanesco ukikatika ukurasa ukiwa umefika nusu, hedi hubaki pale pale ilipo, midomo wazi. Kwa siku moja haidhuru. Ila mara nyingi umeme ukikatika alasiri, watu hukusanya makaratasi na kwenda nyumbani, na ikiwa kesho yake ni likizo, hedi hiyo itakaa wazi mwezi mzima ikikaushwa na hewa. Huo ndio uharibifu, na hakuna anayeuona ukitokea. Umeme ukisharudi, yatosha mtu aiwashe printa, aiache ijipange, kisha aizime kwa kitufe.

Zipo sababu za kweli zinazowafanya watu wazime ukutani na kuchomoa waya. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi, umeme hupanda na kushuka, na mwenye duka anayenunua uniti za LUKU hapendi kuona taa ikiwaka usiku. Hakuna anayesema waya usichomolewe. Kinachotakiwa ni mpangilio: kitufe kwanza, taa izimike kabisa, soketi baadaye. Ekstensheni yenye swichi moja kwa kompyuta, printa na chaja za simu ndiyo adui mkubwa katika ofisi nyingi, kwa kuwa anayebonyeza swichi hiyo jioni huwa anafikiria kompyuta tu.

Tuseme basi madhara yameshatokea, na karatasi ya kwanza ya Januari imetoka na michirizi. Hatua ya kwanza ni kujua ugonjwa, nayo hurukwa mara nyingi. Chapa karatasi ya kukagua matundu. Utaona mistari mifupi iliyopangwa kama ngazi, kila rangi na sehemu yake. Mstari unaokosekana ni tundu lisilotoa wino. Chapa ya pili baada ya dakika chache, uziweke mbili hizo bega kwa bega. Mapengo yakiwa mahali pale pale, matundu hayo yameziba. Mapengo yakihama, leo hapa kesho kule, tatizo si kuziba bali hewa kwenye mipira ya wino, au wino haufiki kwenye hedi, na hakuna dawa ya kuzibua itakayosaidia. Rangi moja ikikosekana yote kwa mkupuo, angalia tangi kabla ya kuangalia hedi. Na kwa Epson za zamani za mfululizo wa L kuna kitu kidogo ambacho kimewagharimu watu bure: kitasa cha pembeni cha kufunga wino wakati wa kusafirisha mashine. Printa iliyotolewa Mwanza kwa basi kitasa kikiwa kimefungwa, kisha ikawekwa mezani bila kukifungua, itachapa kurasa chache na kukauka kana kwamba imeziba. Kukizungusha hakugharimu hata shilingi.

Ikishathibitika kwamba ni kuziba, majaribu makubwa ni kuamuru mashine ijisafishe tena na tena. Kila kujisafisha huvuta wino kupitia kwenye matundu na kuumwaga kwenye pedi iliyo chini ya mashine, pedi ambayo nayo ina kikomo. Ikijaa, printa hugoma na taa zake humeta zote. Mafundi huwa na programu ya kurudisha hesabu hiyo kwenye sifuri, lakini programu haikaushi pedi, na wino wa ziada huishia mezani au kwenye zulia la ofisi. Miongozo ya Epson yenyewe haitaki papara. Husema ukishakagua na kusafisha mara tatu bila nafuu, zima mashine, uiache. Za zamani zilitaja saa sita, za karibuni hutaja saa 12. Mapumziko hayo yana kazi yake: wino mbichi ulioletwa na usafishaji hulainisha ule mkavu polepole, na vipovu vya hewa hupata muda wa kupanda. Anayejua ukoko wa sufuria anajua kwamba maji na usiku mmoja hufanya kazi ambayo kijiko hakiwezi. Watu wengi hukata tamaa usiku ule ule mashine inapokuwa karibu kupona.

Ikishindikana, hedi ilowekwe. Kwa printa ndogo za HP zinazotumia katriji, matundu yako kwenye katriji yenyewe, chini ya kile kipande kinachong'aa. Weka tishu iliyolowa maji ya uvuguvugu kwenye kisahani, ikalishe katriji juu yake dakika chache hadi rangi ianze kuacha alama, ifute taratibu, irudishe. Kwa printa za tangi za Epson, hedi ni sehemu ya mashine na haibadilishwi kirahisi, kwa hiyo fanya kazi kutoka chini. Sogeza hedi, angalia kile kifuniko cha mpira. Katika mashine iliyokaa sana utakuta sponji imejaa tope jeusi, na ukingo wa mpira umeshikwa na magamba ya wino. Ukingo huo usipokaa sawasawa, pampu huvuta hewa badala ya wino, na kila usafishaji unakuwa kelele tupu. Ufute kwa pamba yenye maji, dondoshea matone machache kwenye sponji, rudisha hedi juu yake, iache mpaka asubuhi. Mashine kadhaa zina pia usafishaji mkubwa unaobadilisha wino wote ndani ya mipira. Huo ni wa mwisho kabisa, na usiuanze ikiwa wino haujafika angalau theluthi ya kila tangi.

Maji gani? Swali hili si dogo. Maji ya kisima au ya bomba hubeba chumvi na chokaa, navyo hubaki tunduni maji yakikauka. Unaziba upya ulichozibua. Yafaa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri ya gari, yanayopatikana kwenye maduka ya spea. Uhakikishe unapewa maji ya kuongezea, si asidi ya kujazia betri mpya, maana chupa zinafanana na asidi itakula hedi pamoja na vidole. Jik haifai hata kidogo, kwa sababu hutafuna chuma chembamba chenye matundu. Spiriti hushauriwa na wengi. Hukata mafuta vizuri, lakini inaweza kuugandisha wino wenye chembe za rangi badala ya kuulainisha, na inakausha mpira. Sindano ya kushonea, upepo wa kompresa, na bomba la sindano lililosukumwa kwa nguvu ni njia tatu za kugeuza hedi iliyoziba kuwa hedi iliyokufa. Bomba la sindano lina matumizi yake mazuri, kudondosha na kuvuta taratibu, mkononi mwa fundi mwenye subira.

Wapo watakaosema haya yote yanaukwepa ukweli kwamba wino wa bei rahisi ndio unaoziba. Kuna haki katika hoja hiyo. Wino usio na vichelewesha-ukavu vya kutosha, au wenye chembe kubwa, huziba mapema. Na wino wa printa moja ukitiwa kwenye nyingine kwa sababu tu rangi zinafanana, huweza kuganda. Hata wino halali hutofautiana. Printa ndogo za tangi za Epson hutumia wino wa rangi iliyoyeyuka kwa rangi zote nne, ilhali Canon za mfululizo wa G na HP za tangi hutumia wino mweusi wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, unaotoa maandishi yanayostahimili maji lakini ulio mgumu zaidi kuyeyusha ukishakauka. Lakini pima hoja kwa ushahidi ulio mbele ya kila mtu: wino huo huo wa bei rahisi ulifanya kazi Oktoba nzima bila pengo, ukaziba Januari. Kama wino ungekuwa kisa chote, mashine ingeziba katikati ya kazi. Kilichobadilika kati ya Oktoba na Januari ni kwamba ilikaa. Wino mbaya hupunguza siku ambazo mashine inaweza kuvumilia. Haufuti umuhimu wa kuifunga vizuri na kuiamsha.

Kuiamsha maana yake ni ukurasa mmoja kwa wiki, wenye rangi zote. Ofisi nyingi huchapa maandishi meusi tu, kwa hiyo nyeusi hubaki salama huku bluu na ile nyekundu ya zambarau zikikauka kimya kimya hadi siku ya kuchapa cheti. Mwenye duka atauliza: si huko ni kupoteza wino? Tupige hesabu. Epson hukadiria kwamba chupa ya wino mweusi 103, yenye mililita 65, hutoa kurasa 4,500. Kurasa 52 za mwaka mzima ni kama asilimia moja na kidogo ya chupa hiyo, na karatasi ya ukaguzi hutumia wino mdogo kuliko ukurasa wa maandishi. Hata tukisema makadirio ya kiwandani yametiwa chumvi, tuyakate nusu, hasara haifiki sehemu ya arobaini ya chupa. Usafishaji mkubwa mmoja unameza zaidi ya hapo, kabla hujamlipa fundi nauli ya kutoka Tarime mjini.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la leza. Kwa nini shule ihangaike na matundu wakati printa ya leza hutumia unga, na unga haukauki? Kwa shule yenye umeme wa uhakika, inayochapa meusi tu, na inayofunga milango mwezi mzima bila mtu, jibu ni kwamba leza ni bora, na atakayenunua mashine mpya leo alifikirie hilo kabla ya kuvutiwa na chupa za rangi dukani. Lakini hoja hiyo ina mipaka yake. Printa ya wino hula wati kumi na kitu inapochapa. Leza huhitaji mamia ya wati inapopasha rola yake, mzigo ambao sola ndogo na inveta ya kijijini haviubebi. Steshenari inayoishi kwa picha za pasipoti na kadi za harusi haiwezi kuzitoa kwa leza ya meusi, na leza ya rangi ni gharama nyingine kabisa. Tena shule nyingi hazichagui. Mashine iko tayari mezani, imetolewa na mfadhili, mradi au halmashauri, na swali lililobaki ni kama itafika mwaka wa tatu.

Lipo pingamizi jingine ambalo halisemwi kwa sauti, nalo ni la funguo. Ofisi yenye printa ndiyo yenye rasimu za mitihani na mihuri. Mkuu wa shule anayeogopa kumwachia mtu ufunguo wakati wa likizo ana sababu, na nchi hii imeona vya kutosha kuhusu mitihani iliyovuja. Lakini ukaguzi wa matundu hauhitaji kompyuta wala faili. Aina nyingi, kama Epson L3110, huchapa karatasi hiyo zenyewe ukishikilia kitufe cha kusitisha huku ukiwasha. Kwa hiyo printa inaweza kutoka ofisini na kukaa mahali pengine palipofungwa, stoo au nyumbani kwa mwalimu anayeishi shuleni, na kompyuta yenye siri ikabaki imefungiwa. Isafirishwe ikiwa wima, kitasa kimefungwa kama kipo, na kifunguliwe ikishafika. Shule zisizo na mwalimu yeyote karibu kwa wiki nne ni chache kuliko tunavyodhani; mara nyingi mwalimu yupo, ila printa haimo kwenye orodha ya vitu vyake vya kuangalia.

Hapo ndipo mambo yanapokwama. Madawati huhesabiwa, vitabu huhesabiwa, matanki ya maji hufungwa. Printa hufunikwa kitambaa. Kitambaa huzuia vumbi, na kule Serengeti hilo si jambo la kubeza, lakini hakiifungi hedi.

Kwa wakuu wa shule, watendaji wa vijiji na wenye steshenari wa Tarime na Serengeti, ombi ni hili: Desemba hii, mtu wa mwisho kutoka ofisini achape karatasi ya ukaguzi, aandike tarehe juu yake, azime kwa kitufe na kusubiri taa izimike ndipo achomoe waya. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani juu ya mashine, na kwenye daftari la makabidhiano liandikwe jina la atakayekuja kuiwasha kila Jumatatu mpaka shule zifunguliwe.